Pete Ndani ya Kibiriti

Albertville, siku ya Mungu, tarehe 17 novemba 1963

Papa wangu na Mama wangu wa Nyunzu,

Barua hii iwakute mumeamka vizuri, mugongo wa Papa umenyamaza, na kikohozi cha Mama kimehamia kwa ule jirani tusiyempenda. Hapa ziwa liko mahali pake. Bertille muke wangu ni muzima, ananitukana kila asubuhi kama dawa ya kuamsha damu. Watoto wanakula kupita sisi wakubwa. Mimi mwenyewe niko muzima, isipokuwa mukono wa kuume, na habari ya mukono itafika chini. Mukiona maandiko yamenyooka kama reli, musifikiri nimerudi kwa Mapadri kumaliza shule. Hiyo nayo itafika chini. Kila kitu kwa zamu yake.

Papa, baada ya Pasaka ulinijulisha kwamba Cyrille, fundi wa mbao ambaye ninafanya naye kazi, alimuona Godelieve wetu kule kwenu, sokoni, na sasa anamutaka kwa ndoa. Uliniambia nimuangalie, kama ilivyo desturi yetu, kaka wa binti akae karibu na muposaji mpaka amujue, kabla nyumba haijapokea kwake hata kuku mumoja. Na ulimaliza kwa kunikumbusha Angélique. Hukuwa na haja, Papa. Ninakumbuka jinsi tulivyomutoa dada yetu kwa ule bwana wa Kabalo mwenye meno mazuri, hakuna aliyekwenda kumuangalia, tukacheza ngoma mpaka viatu vikapasuka. Kumbe alikuwa na muke mwingine na watoto. Angélique akarudi kwetu na sanduku lake kichwani, na mpaka leo hacheki na meno yote. Basi nikaapa kwamba Godelieve hatapita njia ile.

Na mulichagua jicho la kweli. Mimi nimeona Elisabethville na taa zake, nimeona Usumbura, nimelala Kigoma nikala tende mpaka tumbo likasali Kiarabu. Muntu hawezi kunidanganya mara mbili. Mara moja, ndiyo, hiyo hutokea kwa kila muntu.

Ateliye yetu iko karibu na bandari, ni ya Papa François. Tunatengeneza milango, vitanda na mashua za mbao. Wazungu walipokwenda, Papa François alinunua kwa mumoja wao mashini ya mukono ya kutoboa, tunaiita perseze. Ni kama bunduki fupi yenye mukia murefu wa waya, mukia unakwenda mpaka ukutani kunyonya umeme. Mafundi tuko watatu: mimi, Cyrille, na Lambert ambaye mulikula naye siku ya ubatizo wa mutoto wetu. Kwa perseze, wa kwanza ni mimi. Hilo linajulikana mpaka Kabimba.

Sasa sikieni nilichokiona kwa ule Cyrille.

Kwanza, pete. Muntu anakuja kwenu kuposa, anasema hajapata kuoa, lakini asubuhi anafika kazini na pete kidoleni. Kabla ya kushika mashini anaivua, anaitia ndani ya sanduku tupu la kibiriti, anatia kibiriti mufukoni na kufunga kifungo. Jioni anaivaa tena. Papa, nilipoona hivyo damu yangu ilisimama. Nikaona Kabalo imerudi.

Pili, ule waya. Kila asubuhi, kabla hajauingiza ukutani, anaupitisha wote katikati ya vidole, polepole, kama mama muzee na rozari, na midomo inacheza. Anaufuta na kitambaa kikavu. Wakati mwingine anauleta puani na kuunusa. Lambert aliniambia kwamba kwao Cyrille, kule Kongolo, wako watu wanaosemesha vitu namna ile, na kwamba nisishangae siku moja mashini ikikataa mikono yetu na kukubali yake tu. Mimi si muntu wa kuogopa dawa, munanijua. Lakini tangu siku ile nilianza kula chakula changu mbali kidogo.

Tatu, ile fishi, yaani kile kichwa cha waya kinachoingia ukutani. Akitaka kubadilisha chuma cha kutobolea, kazi ndogo ya kupiga chafya, anakwenda mpaka ukutani, anachomoa fishi, anaitia mufukoni mwake, njo anarudi kubadilisha. Nilimuuliza anamuogopa nani. Alijibu kwamba hamuogopi muntu, anaogopa kidole cha muntu, kwa sababu kidole kinaweza kugusa kifungo pasipo mwenyewe kujua. Nikasema moyoni: kama anafunga mashini namna hii, atamufungia Godelieve hata chumvi.

Na pombe. Saa ya chakula sisi tunakwenda kwa Mama Alphonsine kuonja kidogo. Yeye hapana, anakunywa maji. Jioni kazi ikiisha anakunywa vizuri kabisa na kuomba tena. Mimi nikajua: muntu anayekataa pombe muchana na kuipenda jioni, iko kitu muchana anaogopa kitamutoka mudomoni.

Halafu akanigusa mimi mwenyewe. Fishi ilivunjika, Lambert aliikanyaga. Mafundi wengine wangesimamisha kazi na kulia. Mimi nikakata fishi, nikavua waya mbili mpaka shaba yao ikaonekana, nikazitia uchi ndani ya matundu ya ukuta, nikazikaza na vijiti vya kibiriti. Ni ufundi wa Elisabethville, niliuona kwa macho yangu. Na pale katikati ambapo waya ulikuwa umechubuka, nilifunga kitambaa kizuri cha kitenge cha Bertille. Mashini ikaimba. Watu wakapiga makofi, ao karibu kupiga.

Cyrille alipofika akachomoa vijiti vyangu vyote mbele ya watu. Akakwenda kwa Papa François kusema kwamba ile perseze isiguswe mpaka ipate fishi mupya na waya mupya, na kwamba mimi nitaua muntu. Unasikia, Papa? Mimi, mutoto wako, muuaji. Nilimwambia Papa François mbele yake kwamba kijana anatafuta nafasi yangu, na kwamba muntu mwenye pete ya kujificha hawezi kufundisha wengine usafi. Lambert alicheka mpaka akakaa chini. Cyrille alirudi kwenye mbao yake. Kurudi kwake pia nilikuandika kichwani kama dhambi. Papa François alisema tutangoja boti ilete fishi kutoka Kigoma. Lakini kazi haingoji boti, na vijiti vyangu vilirudi ukutani, mimi njo nilivirudisha.

Basi neno langu kwenu lilikuwa tayari, ni hapana. Bertille alinishauri nimuulize tu habari ya pete. Nilimwambia haulizwi mwizi mahali alipoficha. Alinijibu kwamba basi niendelee kumuuliza Lambert, ambaye hajui hata umri wa muke wake. Wanawake wa Albertville, Papa.

Ikaja siku ya mvua. Mashua ya mufanyabiashara mumoja ilikuwa inavuja, tuliivuta kutoka majini mpaka mulangoni kwa ateliye, na mwenyewe alisimama pale na watu wake akitaka kuondoka siku ileile. Cyrille alisema tutumie keke ya mukono, ile ya kuzungusha, ni polepole lakini iko salama. Mwenye mashua akauliza kama hapa hakuna fundi. Munanijua. Nikaingia, miguu bila viatu, suruali imelowa mpaka kiuno, paa linadondosha maji chini, nikakamata perseze.

Siwezi kueleza vizuri. Ni kama muntu mukubwa sana amekusalimia mukono na hataki kuachia. Nilitaka kutupa mashini, vidole vikazidi kuikaza. Nilitaka kupiga kelele, meno yakafungana. Lakini macho yalikuwa yanaona, na haya njo niliyoona. Nilimuona Lambert anakuja mbio, mikono mbele, kuniokoa. Nilimuona Cyrille anamusukuma na mabega, kwa nguvu, mpaka Lambert akaanguka ndani ya maranda. Kisha nilimuona Cyrille ananigeuzia mugongo na kukimbia.

Papa, pale nilipokuwa ninakufa, nilifurahi kidogo. Nilisema moyoni: nilijua. Ni muoga, ni muuaji, na Godelieve ameokoka.

Halafu ule muntu mukubwa akaniachia mukono, nikaanguka chini.

Kumbe Cyrille alikimbia kwenda kwenye sanduku la umeme karibu na mulango, akavuta chuma chake chini, ateliye yote ikafa umeme. Na Lambert kama angenishika na mikono yake miwili, umeme ungemupitia naye, mungezika wawili. Hayo si maneno ya Cyrille. Muganga wa hospitali njo alinieleza, na aliongeza kwamba mafundi wenye kichwa kigumu ni chakula chake cha kila siku. Kiganja cha kuume kimeungua, vidole viwili havijui bado kama ni vyangu. Vitakumbuka, alisema. Mama, usilie, ninakula vizuri.

Cyrille alikuja kuniona. Wengine waliniletea ndizi na samaki. Yeye aliniletea ule waya wa zamani. Alikifungua mbele yangu kile kitambaa cha kitenge, akanionyesha chini yake shaba imekuwa nyeusi, na akanipa niunuse. Ulinuka kama nywele zilizoungua. Nikaelewa anachotafuta na pua kila asubuhi. Na midomo? Nilimuuliza. Alisema anaimba tu nyimbo za kanisa. Nilimwomba aimbe kidogo. Anaimba vibaya sana, Papa, kwa hilo sina mashaka tena.

Basi nikamuuliza habari ya pete. Alifungua kibiriti, akaniwekea kwenye mukono wa kushoto. Ni pete ya shaba, upande mumoja umepondeka kabisa, hakuna bwana arusi anayemuvisha muntu kitu kile. Ni ya kaka yake Onésime wa Kongolo. Onésime alikuwa anatoboa mbao pale kwa muzungu mumoja aliyekwisha kurudi kwao, pete ikakamatwa na chuma kinachozunguka, chuma kikaenda na pete, na kidole kikafuata. Alipopona, alimupa mudogo wake ile pete. Nilimuuliza Cyrille juu ya nini anaivaa basi, kama ni kitu cha bahati mbaya namna ile. Alisema:

“Ninaivaa ili nipate kitu cha kuvua, kaka. Nikiivua, ninakumbuka yote mengine.”

Nilimwambia asante. Bertille alisema ni mara yake ya kwanza kuona hiyo.

Lakini Papa, mimi ni mutoto wako. Ule wa Kabalo naye alisema maneno mazuri. Muntu anaweza kukuokoa muchana na kukudanganya jioni. Nikataka mutihani mumoja wa mwisho, na sasa tumefika kwenye yale maandiko yaliyonyooka. Bertille anaweza kuandika, Masista walimufunza. Mimi kwa makusudi nilimuita Cyrille. Nilimwambia: mukono wangu umeungua, kaa hapa, andika barua ya kwetu, nitasema na wewe utaandika. Hakujua barua inahusu nini.

Ni yeye anayeandika haya, Papa. Yote. Pete, rozari ya waya, dawa ya Kongolo, chumvi ya Godelieve, mwizi, muuaji. Mimi ninasema, yeye anaandika, jasho linamutoka puani. Hakuweka kalamu chini kujitetea hata kidogo. Pale penye neno muoga alisimama, nikafikiri sasa atakasirika. Aliuliza tu kama pale tunaweka nukta ao koma. Nilimwambia aweke anachotaka. Aliweka koma.

Kila akimaliza ukurasa, Bertille anausoma kwa sauti, na Cyrille anakwenda nje. Hakuna neno lililokosekana. Kama mutaona mahali nimesifiwa kidogo, ni mimi mwenyewe nilisema hivyo.

Kwa hiyo neno langu limebadilika. Muntu anayeangalia waya kila siku kama vile haujapata kuangaliwa, na anayeandika mabaya yake kwa mukono muzuri ili apelekewe baba mukwe, mimi sina tena mahali pa kumushika. Mutume muntu Kongolo akaangalie mukono wa Onésime, kama vidole ni vinne. Hiyo ni desturi, si mashaka. Lakini wakati ule muntu yuko njiani, Papa, pokea kuku.

Na umwambie Godelieve asimukataze kuchomoa vitu ukutani. Hataacha.

Munisalimie Angélique kwa upendo mukubwa, na mumwambie safari hii niliangalia mpaka nikaungua. Munisalimie nyumba yote, na wote wanaouliza habari zangu, hata wale wanaouliza kwa ubaya. Mungu awaweke mpaka nitakapokuja na muposaji huyu, yeye akibeba mizigo yote miwili.

Mimi mutoto wenu,
Gaspard
(jina hili lililopinda nimeliandika mwenyewe, mukono wa kushoto)

Papa na Mama, mimi mwandikaji ninawasalimu kwa heshima. Sikuongeza, sikupunguza. Pale penye neno muoga wino umekolea kwa sababu nilipita juu yake mara mbili, ili isomeke vizuri. — Cyrille