Njiti, Mlezi wa Darasa la Kwanza

Duka la Cherehani,
Mlango wa pili baada ya duka la dawa,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo? Mgongo unaendeleaje tangu ulipoteleza kwenye ngazi za wodi? Na wale wazee unaowahudumia je, yule babu anayekataa dawa mpaka aimbiwe bado anakusumbua? Sisi huku wazima. Mama anakula vizuri na ananuna vizuri. Goti langu linapiga kelele kila nikikanyaga cherehani, lakini cherehani yenyewe inapiga kelele zaidi, basi tunavumiliana.

Barua yako niliipata. Pale mwishoni umeniuliza kama mwanao bado anakukumbuka, maana kwenye simu anakujibu "ndiyo" na "hapana" tu, na miaka mitano ya kuwa mbali si mchezo. Nilisoma nikaweka mkasi chini. Jibu ninalo, ila leo usiruke mistari kama kawaida yako. Soma taratibu.

Kwanza pongezi! Njiti wetu ana cheo. Mwaka huu shule imeamua kila mtoto wa darasa la kwanza awe na mlezi wake kutoka darasa la sita: wa kumwonyesha choo kilipo, wa kukaa naye akilia, wa kumsikiliza akionewa. Njiti kapewa wanne. Anavaa utepe wa njano begani, niliushona kwa mkono wangu, na kila mteja anayeingia hapa lazima asikie habari zake, apende asipende. Fundi viatu wa jirani amesema akizisikia tena atahama. Ahame!

Sasa ngoja nikuambie nilivyojiaibisha.

Majuma mawili yaliyopita vipande vyangu vya kitambaa cha sare vilianza kupungua kwenye kapu. Halafu siku moja nafungua mkoba wa Njiti natafuta daftari la hesabu, nakuta sketi ndogo, si yake, imelowa, imefungwa kwenye mfuko wa plastiki. Chini yake sketi nyingine mbili kavu, za lastiki, mshono umepinda huku na huku, kazi ya mtu aliyeshona kwa kujificha. Nikamuuliza ni za nani. Nikapaza sauti. Akaukumbatia mkoba tu. Unamjua mwanao, akijifunga kajifunga. Nikamwambia kama cheo chenyewe ni cha kuwavua watoto wa watu nguo zao, huo utepe nitauchana mwenyewe. Machozi yakamtoka, lakini jina la mtu hakulitoa. Alisema tu, "Mama mkubwa, nimeahidi."

Nami hasira zangu unazijua. Kesho yake nikafunga duka saa nne asubuhi, mimi ambaye sifungi hata nikiwa na homa, nikashika njia ya shule na ule mfuko mkononi. Njiani kote nilikuwa nayapanga maneno ya kumpa mwalimu vidonge vyake.

Mwalimu wa darasa la kwanza alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Kisha akanisogeza dirishani. Ilikuwa mapumziko. Watoto wote wanakimbia, isipokuwa katoto kamoja kameegemea ukuta, hakasogei, kamebana miguu. Nilielewa kabla sijaambiwa, na wewe pia umeshaelewa. Nani kati yetu amesahau Njiti alivyojikojolea wiki yake ya kwanza shuleni, darasa zima likamcheka, akagoma kurudi siku tisa?

Nikamwona Njiti anakuja, mkoba begani. Hakukimbia, hakuuliza kitu. Alivua sweta lake, akamfunga yule mtoto kiunoni, fundo moja tu. Akamwinamia, akamnong'oneza kitu, akamtanguliza kuelekea chooni, naye akafuata hatua moja nyuma kumkinga asionekane. Waliporudi, mtoto amevaa sketi ya lastiki yenye mshono uliopinda. Hakuna aliyecheka, kwa sababu hakuna aliyejua.

Mwalimu akanieleza kuwa walezi wote wameahidi: jambo la hatari unampelekea mwalimu mbio, jambo la aibu linabaki kwako. Zile zilizolowa Njiti huzileta nyumbani akazifua, ili mwenzake asipite getini ameshika mfuko watu wakamuuliza. Jamani! Uso wangu sikujua niuweke wapi. Mtoto ni wa nani sijui, wala sitaki kujua.

Siku hiyo hiyo nilimwomba Njiti radhi, mbele ya bibi yake, bila kupunguza neno. Kisha nikamkalisha kwenye cherehani nikamfundisha kunyoosha mshono. Mpaka leo tumemaliza sketi sita na kaptura nne. Mama ndiye anayekata lastiki. Anajifanya kalazimishwa, lakini asubuhi yeye ndiye wa kwanza kuulizia mkasi.

Tukiwa tunashona nikamuuliza ni mwalimu gani aliyewafundisha kufunga sweta vile. Akanishangaa, akasimamisha cherehani.

"Si mama! Siku ile alipokuja kunichukua. Alivua sweta lake la kijani akanifunga, likawa linaburuzika chini. Akaniambia, tembea mwanangu, mimi niko nyuma yako. Na mimi nawaambia hivyo hivyo."

Halafu akaendelea na kazi yake. Mimi ndiye niliyeshindwa kutunga uzi kwenye sindano, nikasingizia miwani.

Basi hilo ndilo jibu lako. Mwaka ule ule uliondoka, naye alikuwa na miaka sita. Kwenye simu hana maneno, ni kweli, na mimi nitamsukuma kidogo. Lakini hata rangi ya sweta lako hajaisahau. Najivunia yeye mpaka kifua kinauma, na wewe pia najivunia, kwa sababu alichokifanya pale ukutani amekitoa kwako.

Mama anakusalimu, anasema ule. Mjomba dereva anakusalimu. Fundi viatu naye anakusalimu, bado hajahama. Mungu akupe mgongo mzima na wazee wapole, na siku utakayorudi akufikishe salama.

Tembea, mdogo wangu. Sisi tuko nyuma yako.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Fundi mwenye goti bovu