Lango la Nyumba Yako, Ramadhani

Ramadhani,

Nakuandikia nikiwa na hasira, wala sitaificha. Hata ulipokuwa hai hatukufichana.

Mwanao Hamisi ameweka lango la chuma mbele ya nyumba yako ya Gongoni. Juu yake amechomelea yale maneno ya Kihispania uliyorudi nayo kutoka Kuba, ulikosomea kilimo cha miwa. Alitaka kukuenzi. Fundi akayaunganisha yakawa neno moja, DEPARENPAR, akidhani ni jina la ukoo wenu. Nilisimama barabarani nikalisoma mara mbili. Wewe ulinifundisha kwamba ni maneno manne, de par en par, na kwamba wenye lugha yao huyasema mlango unapofunguliwa pande zote mbili, wazi kabisa. Uliyasema kila asubuhi ukisukuma mlango wako kwa mikono miwili. Nami nilikuwa nikikujibu, "Sema Kiswahili, bwana, tupo Tabora."

Nilimwendea Hamisi. Hakubisha. Alimrudisha fundi, maneno yakatenganishwa, na sasa hata wewe usingepata la kusahihisha. Lango lenyewe limefungwa kwa kufuli mchana kutwa.

Hilo ndilo linaloniudhi, wala si herufi. Mji huu ulikua kwa kupokea watu. Wapagazi walifika hapa kutoka pwani wakiwa hoi, safari ya Ujiji ikiwa bado mbele yao, wakapata maji na mahali pa kutua mizigo. Nyumba yako nayo haikumuuliza mtu ametoka wapi. Leo nabisha hodi, mlinzi ananiuliza, "Mzee, una miadi?" Miadi, Ramadhani. Mimi niliyekuosha na kukushusha kaburini.

Mkeo, Bi Zuhura, alinisikia akaja. Ufunguo alikuwa nao Hamisi, dukani kwake. Akanisalimu kupitia tundu la lango, akasema, "Mwalimu, nafugwa kama kuku wa mayai." Alicheka. Eda yake imekwisha, lakini majirani wamechoka kubisha, hawaji tena. Anakunywa kahawa peke yake.

Nilipomweleza Hamisi, alinijibu kwa adabu: "Mzee wangu, zama zimebadilika. Wezi wamejaa. Halafu, maandishi si tumesharekebisha?" Si mtoto mbaya. Lakini kufuli lake limemfungia mama yake ndani, na wezi bado wanatembea.

Jana, baada ya sala ya alasiri, nilitandika mkeka mbele ya lango nikaketi. Muuza kahawa, mtani wangu, akapita akasema, "Mwalimu, umepata kazi ya ulinzi uzeeni? Nani kakuajiri?" Nikamwambia ni marehemu. Akatua birika lake, naye akaketi. Wakaja wengine. Hamisi aliporudi na gari lake alitukuta tumeziba njia. Ilimbidi ashuke, atoe shikamoo kwa kila mmoja, kisha afungue lango pande zote mbili ili gari lipite.

Likaingia. Nasi tukainuka na mkeka wetu, tukalifuata nyuma. Bi Zuhura alikuwa ameshapanga vikombe.

Mwenyezi Mungu akupanulie kaburi lako, ndugu yangu. Kesho gari litarudi jioni, nami nakuahidi litatukuta pale pale.

Rafiki yako,
Kassim