Maneno Niliyomtia Baharia Kinywani

Jumapili, Agosti 1995. Jioni.

Mvua ya mawe imepiga mchana, dakika kumi tu, na majani ya chai yaliyokuwa tayari kuchumwa yamebaki kama matambara. Baadaye jua likatoka kana kwamba hakuna lililotokea. Shamba zima linanuka majani mabichi yaliyopondwa. Siku nyingine ningeipenda harufu hiyo.

Leo nimefanya kitu kibaya. Nakiandika sasa kabla sijaanza kukipamba.

Mama Chepkoech ndiye wa kwanza hapa kwetu kuwa na video. Mumewe ni fundi wa mashine kiwandani, wanakaa kwenye zile nyumba za wafanyakazi zenye stima ya kuwasha taa na televisheni. Kila Jumapili tukitoka kanisani, wanawake tunajazana sebuleni kwake, watoto mbele sakafuni, na yeye anapika chai sufuria kubwa. Kanda anakodisha mumewe Kericho mjini. Mara nyingi ni za kupigana. Leo ilikuwa filamu ya zamani ya meli iliyovunjika, na kanda yenyewe imechezwa mara nyingi mpaka ina mistari myeupe inayokatiza uso wa kila mtu.

Lakini ilikuwa kubwa. Meli yenyewe walikuwa wameijenga kweli, milingoti mitatu, mabaharia kama siafu, halafu wakaichukua wakaipasua kwenye mwamba. Mama Chepkoech akasema, "Pesa ilizama hapo ingetulipa bonasi ya chai mpaka tuzeeke." Tulicheka sana. Nilikuwa nimefurahi wakati huo. Naomba hilo pia liandikwe.

Mimi ndiye mtafsiri. Hakuna aliyenichagua, ni vile tu nilimaliza Form Four na ni karani wa mizani pale kituo cha majani, kwa hivyo wanachukulia Kiingereza ni changu. Wazungu wakiongea, wote wananigeukia. Nikisema "amekasirika," wanaguna. Nikisema jambo la kuchekesha, wanacheka, hata kama Mzungu mwenyewe analia.

Nakiri napenda. Nyumbani hakuna anayeninyamazia hivyo.

Mama Moraa alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu kabisa na televisheni. Jina lake ni Nyaboke, ametoka Kisii, anachuma majani kwa mashamba ya watu. Mumewe alienda Mombasa kutafuta kazi kwenye meli. Barua ya mwisho ilikuja miaka minne iliyopita. Tangu hapo kila sentensi yake inaanza na "akirudi." Akirudi tutajenga. Akirudi Moraa atahama shule. Moraa ana miaka tisa, na alikuwa pale sakafuni na wengine, mdomo wazi, akitazama bahari.

Sasa lazima niseme habari ya kaka yangu, la sivyo nitaonekana nilifanya bila sababu.

Kiprono alifiwa na mke mwaka juzi. Marehemu aliacha watoto watatu, mdogo alikuwa bado ananyonya. Nilihamia kwake kwa wiki mbili na sijatoka. Tangu Pasaka amekuwa akimwomba Mama Moraa waishi pamoja, kwa heshima, mbele ya watu. Yeye humjibu, "Ngoja kwanza." Mama yetu angekuwa hai angesema huyo si wa kabila letu. Mimi sikujali. Nilitaka akubali ili nirudi kwa maisha yangu. Kwa hivyo kila nikisikia "akirudi," ninaona ni mimi ninafungiwa mlango.

Hiyo ndiyo sababu nzuri. Ile mbaya nitaiandika chini.

Katikati ya filamu, mabaharia waliopona wako kisiwani. Kuna mshika usukani mmoja, kijana mwembamba, amekuwa akichonga alama kwenye mti kila asubuhi. Mguu wake umeoza, hawezi kusafiri. Wenzake wametengeneza chelezo waondoke. Anamshika rafiki yake mkono, anamwambia kuhusu mke wake. Alisema hivi: mwambie nilihesabu kila siku, na nikipata hata ubao mmoja, nitakuja.

Wote wakanigeukia.

Nikasema, "Anasema, ukifika nyumbani mwambie yule mwanamke asinisumbue. Nimepata mwingine huku, mdogo, hana maneno mengi."

Sebule ikapasuka kwa kicheko. Sikupanga. Nilitaka tu kuchekesha, naapa nilianza hivyo. Lakini nikaona macho yao, mmoja baada ya mwingine, yakitoka kwa televisheni kwenda kwa shingo ya Mama Moraa. Hakugeuka. Na mimi, badala ya kunyamaza, nikaona utamu.

Rafiki alikuwa analia sasa, anajibu kitu. Nikasema, "Huyu anamuuliza, na mtoto? Anasema, mtoto ni wa mama yake. Mwambie aolewe na mtu yeyote atamchukua, hata mwenye watoto, kwa sababu mimi huko sirudi."

Kulikuwa na kicheko, lakini kidogo. Mama Chepkoech aliinama akaanza kukusanya vikombe ambavyo havijaisha chai.

Moraa ndiye aliyegeuka. Alinitazama mimi, halafu mama yake, halafu akarudi kutazama kile kisiwa.

Nilitafsiri mpaka mwisho, sasa vizuri, neno kwa neno kama niko kortini. Hakuna aliyesikiliza. Mama Moraa hakuondoka. Alitazama filamu yote, akaosha vikombe na wengine, akamshukuru Mama Chepkoech kwa chai, akajifunga leso. Njia yetu ni moja. Sikuwa na namna ya kuikwepa.

Tulipita katikati ya michai, matope yakitushika viatu. Moraa alikuwa ametangulia mbali. Nikaanza kuongea habari ya mvua ya mawe, kwamba kesho hakutakuwa na kilo za maana. Aliniacha nikamaliza.

"Karani," akasema. Siku zote huniita Chela. "Yule mtu alisema alihesabu kila siku."

Nilisimama.

"Nilifika Form Two kwetu," akasema. "Baba akakosa karo. Hujawahi kuniuliza."

"Mama Moraa, ilikuwa mzaha."

"Najua. Nilinyamaza nione mzaha utafika wapi."

Hakuwa amekasirika, ama kama alikuwa, hakunipa hata hasira hiyo. Alikuwa anatembea polepole kwa sababu ya matope. Akaniambia kwamba Alhamisi alienda kwa pasta akamuuliza kama miaka minne ya kungoja inatosha. Pasta akamwambia inatosha, hata tatu ingetosha. Akaniambia Jumamosi ijayo alikuwa anakuja kwetu kumjibu Kiprono mwenyewe.

"Kumjibu nini?" nikauliza, kama mjinga.

"Nilikuwa nimekubali."

Tulikuwa tumefika pale njia yake inapotoka. Moraa alikuwa amekaa juu ya jiwe akimngoja, anakwangua matope kwa kijiti.

"Tukiosha vikombe mtoto ameniuliza kama ni kweli baba yake amepata mwingine," Mama Moraa akasema. "Nikamwambia ni filamu. Akaniambia, lakini Karani amesoma." "Kiprono ni mtu mzuri. Lakini kwake kuna wewe. Siwezi kumleta huyu akulie kwa nyumba iko na mtu kama wewe."

"Mimi nitatoka. Ukija, mimi natoka siku hiyo hiyo."

"Utatoka uende wapi?"

Hakusema kwa ubaya. Aliuliza tu, kama mtu anayetaka kujua.

"Mwambie ni hapana," akasema. "Na umwambie sababu. Hiyo tu ndiyo nakuomba."

Akamshika mtoto mkono wakashuka.

Sasa ile sababu mbaya. Nimeizunguka tangu nifungue daftari hili. Nina miaka thelathini na nne. Sijawahi kuwa na mtu aliyepotea Mombasa, wala Nakuru, wala popote. Yule mwanamke ana viatu vya plastiki na kikapu cha kuazima, na bado alikuwa na mtu wa kumngoja, na mwingine mlangoni akimbembeleza aache kungoja. Nilimwonea wivu. Nilitaka kwa dakika moja awe kama mimi.

Dakika moja ilitosha.

Nilipofika nyumbani Kiprono alikuwa anakamua. Alikuwa amenyoa ndevu. Ameniuliza bila kugeuka, kichwa kwenye ubavu wa ng'ombe, "Mama Moraa alikuja kwa video?"

"Alikuja."

"Alisema kitu?"

Maneno yalikuwa pale mdomoni, yote, kwa mpangilio. Nimchekeshe nani tena, hapakuwa na mtu mwingine zizini. Ni yeye, mimi na ng'ombe.

"Anasema bado anamngoja bwana yake," nikasema. "Anasema uache kumwuliza."

Maziwa yaliendelea kuingia kwenye ndoo, yale yale, bila kukosea. Akamaliza, akamfungua ndama, akasema tu, "Sawa. Ni haki yake." Halafu akaongeza kwamba wanawake wa kungoja hivyo ni wachache, na mume wake akirudi atakuta mtu. Alisema kwa kumsifu. Nikaitikia.

Wiki hii yote, kumbe, amekuwa akihamisha mahindi. Kile chumba kidogo cha kando ndimo tunamoweka magunia. Yeye ameyatoa yote saba akayapanga kwenye baraza, akafagia, akapigilia ubao wa kitanda. Nilidhani ni kwa sababu ya panya. Leo nimemwuliza yule mkubwa wa watoto, akaniambia, "Baba anasema ni chumba cha Moraa."

Sasa hivi anayarudisha. Hajaniomba nimsaidie. Nasikia anavyoinua, anavyopumua, anavyotua gunia chini taratibu kwa sababu mdogo amelala upande wa pili wa ukuta. Limebaki gunia moja kwenye baraza.

Ningetoka saa hii, kutoka hapa mpaka mlangoni ni hatua nne, ningemwambia aliache hilo moja. Angeweza kufika kwa Mama Moraa kabla hajafunga mlango. Angenifukuza, na ningekuwa nimestahili.

Nimejiambia nitamwambia kesho asubuhi, akishakunywa chai.

Analiinua. Mimi bado nimekaa, na kalamu mkononi.