Kidude Kinachosubiri na Mume Asiyesubiri

Nyumbani, chumba cha nyuma,
9 Machi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Goti lako je, bado linakusumbua ukipanda ngazi? Sisi tu wazima, ila mimi sauti imenikauka kwa kugombana na mkwe wako. Bonge ameota meno mawili, anatung'ata sote bila ubaguzi.

Kile kidude cha kulinda friji ulichotutumia kilifika salama. Fundi alikichomeka akatueleza polepole, kama watoto wa chekechea: umeme ukirudi baada ya kukatika huja na hasira. Kidude huwasha taa nyekundu, kikausubiri utulie, ndipo huiruhusu friji. Msikiguse, akasema. Aliyeitikia kwa sauti kuliko wote ni Baba Bonge.

Unajua nimerudi kushona kiwandani. Mtoto anashinda na maziwa ninayomkamulia, maana ya kopo anayatapika yote. Bila friji sina kazi, Shangazi.

Basi juzi umeme ukakatika, ukarudi. Mimi niko bafuni, mtoto ana povu kichwani, namsikia baba yake:

"Mama Bonge, kidude chako kimekufa! Taa nyekundu tu!"

"Kisubiri, baba!"

"Nisubiri nini, maziwa yaharibike?"

Subira yake fupi kama mkia wa mbuzi. Akaichomoa friji kwenye kidude, akaichomeka moja kwa moja ukutani. Umeme ukakatika tena, ukarudi kwa kishindo. Paa! Harufu ya kuungua ikanifuata hadi bafuni.

Nililia jamani. Maziwa nikayamwaga kwa mkono wangu. Kazini sikwenda, na msimamizi akanitumia ujumbe kwamba nikikosa tena, cherehani yangu atapewa mwingine.

Leo fundi amerudi. Kumbe kilichoungua ni kile kipande kidogo cha kuamshia mota, mota yenyewe nzima. Amekibadilisha, friji inanguruma, na kesho nakwenda kazini. Baba Bonge nimemwambia akikigusa kidude tena, atanyonyesha yeye.

Na jioni hii umeme ulikatika, ukarudi. Nikachungulia jikoni. Amekaa sakafuni na mtoto mapajani, wanaitazama taa nyekundu, naye mikono yake ameikalia.

Nisalimie Bibi, na binamu yangu Kifimbo mwambie ajifunze kupiga simu. Mungu akujalie afya na usingizi mtamu.

Ni mimi mwanao nikupendaye na kukusumbua,
Mama Bonge