Uzi wa Kushoto

Jumatano, 9 Julai 2025

Ansbert wa viungo kaja karakana asubuhi. Shafti yake, mhimili unaozungusha sahani ya visu, imekatika, mashine ya kusagia pilipili manga na mdalasini imelala tangu jana, na wateja wa Kariakoo hawajui kusubiri. Ncha yenye nati inayobana sahani hiyo hakuja nayo — wameitupa na takataka! Nikamuuliza nati inachukua spana namba ngapi. Thelathini. Basi, nikapokea kazi.

Miezi mitatu sasa tangu tumzike mwenzangu Khalfani, na sijalia hata tone. Miaka thelathini na moja tumefanya kazi chumba kimoja, mtaa huu wa Gerezani. Binti yangu Fatuma ananiambia, baba, siku hizi unakula kama mashine inayotiwa mafuta. Huenda. Jana mchuzi ulizidi chumvi, watoto wakalalamika, mimi sikujua.

Ijumaa, 11 Julai

Nimemaliza shafti. Imetoka vizuri, beringi zinaingia kwa kusukuma na kiganja. Mchana nimekata uzi, ile mifereji ya kuzunguka ncha inayoshika nati, nikaweka nati mpya, ikapita bila kukwama. Zamani ningefurahi. Leo nimeiviringisha kwenye gazeti tu.

Aliyekuja kuichukua ni Siwema, mama anayeendesha ile mashine. Miaka sita anasagia, lakini kufunga shafti ni mara yake ya kwanza — fundi wao kahamia Dodoma. Shikamoo fundi, marahaba, akapanda bodaboda na shafti mapajani.

Jumapili, 13 Julai

Nimelala. Nimeamka. Nimelala tena.

Ijumaa, 18 Julai

Ansbert kapiga simu saa nane mchana. Sahani ya visu imechomoka mashine ikiwa inazunguka! Imepasua mfuniko, ikampitia Siwema mkono wa kushoto. Vidole viwili vimekwenda. Wamemkimbiza hospitali. Anasema nati ilifunguka kwa sababu haikukazwa, mwanamke kaikaza kwa huruma.

Nikasema pole. Nikarudi kwenye mashine yangu, nikamalizia puli ya mtu. Vipimo vyote sawasawa. Hilo linanitisha kidogo. Siyo sana.

Jumatatu, 21 Julai

Nimeenda kwa Ansbert, Mtaa wa Mchikichi, kuangalia uharibifu. Shafti imepinda. Akawasha mota nione kama nayo imeumia. Nimesimama upande wa nati, naitazama. Inazunguka kulia. Kulia!

Nikakaa juu ya gunia la mdalasini.

Nati ya kawaida hufungwa kwa kuzungushia kulia. Sasa shafti nayo ikizunguka kulia, kila ukiwasha mashine nati inabaki nyuma kidogo — inajifungua. Leo kidogo, kesho kidogo. Kaza mpaka utoke jasho, itachomoka tu. Hapo panatakiwa uzi wa kushoto, nati ifungwe kinyume. Mwanafunzi wa ufundi pale VETA anajua hili! Na mimi nimekata uzi wa kawaida, nikaweka nati ya kawaida, vikaingiana vizuri, nani angejua?

Kupokea kazi ilikuwa shughuli ya Khalfani. Mteja hajakaa, ameshaulizwa: inazunguka wapi? Kisha anachora mshale wa chaki juu ya chuma, na mimi nakata kwa kuufuata ule mshale. Miaka yote hiyo. Tangu afe hakuna anayechora. Chuma kikaja kitupu, nikakikata kitupu. Simsingizii marehemu. Mdomo ninao, ningeuliza.

Ansbert akazima mota. Akasema yule mama ameshamwondoa kazini, mtu asiyejua kukaza nati moja atakuja kumuulia watu. Mimi nikasema nitakutengenezea shafti nyingine. Nikabeba ile iliyopinda, nikaondoka nayo.

Jumatano, 23 Julai

Uzi wa kushoto. Nimekata polepole, safi kabisa. Chai sikunywa.

Alhamisi, 24 Julai

Nimempelekea Ansbert. Nikamwonyesha: hii inafungwa kinyume. Akauliza mbona ile ya kwanza haikuwa hivyo. Ulimi ukajibu wenyewe — nimeiboresha.

Nimeiboresha! Akanipigapiga begani, akasema wewe ndiye fundi, nitawaambia wenzangu wote sokoni. Jioni wawili walikuwa wameshapiga simu.

Fatuma kauliza una nini. Nikasema sina kitu.

Jumatatu, 28 Julai

Kazi zimejaa. Bushi, puli, gia ya mashine ya kukoboa mpunga. Nafanya zote. Sasa nauliza kila mteja inazunguka wapi, tena nauliza mara mbili, mpaka wanacheka.

Nimepanga maneno ya kumwambia Ansbert. Mafupi tu. Leo kapita mlangoni, tumesalimiana, tumezungumza habari za mvua. Nikimwambia, Kariakoo yote itajua kabla ya adhuhuri, na karakana hii inawalisha watoto wa Khalfani pia. Kisingizio kizuri hicho. Kizuri mno, ndiyo maana sikiamini.

Jumamosi, 2 Agosti

Siwema kaja. Yuko hapa hapa, kwenye benchi mlangoni.

Mkono umefungwa bandeji mpaka kwenye kifundo. Shikamoo fundi. Marahaba mama, pole. Nikasubiri matusi. Hakuwa nayo — afadhali angekuwa nayo! Amekuja nimfundishe kukaza nati. Anasema akijua vizuri atarudi kwa Ansbert kumwomba kazi, hata ya kufunga pakiti. Anasema kila akikaa anajiuliza alikosea wapi, na haoni.

Nikaitoa ile shafti iliyopinda, nikaibana kwenye jiliwa, nikampa nati na spana. Akakaza kwa mkono mmoja, akailalia kwa kifua. Nikajaribu kuifungua. Wapi! Nikachomeka bomba kwenye spana, nikaning'inia, ndipo ikalegea.

"Siku ile ulikaza hivi?"

"Zaidi, fundi. Si nilikuwa na mikono miwili."

Hakulia. Aliniangalia tu, anangoja nimwonyeshe kosa lake. Nikamwambia kaa hapo kidogo, dada. Nikachukua daftari hili kwa sababu sikuweza kuendelea kumtazama.

Anadhani namwandikia maelekezo. Amesema niandike kwa herufi kubwa, na jina langu niliweke chini, maana bosi akiliona hatabisha — bosi anakuamini wewe, fundi. Ameshashukuru mara mbili.

Naona haya. Uso unawaka, masikio yanawaka. Nimejaza kurasa, na hakuna hata mstari mmoja wa kumpa, maana kosa analolitafuta ni langu.

Amesimama. Anauliza kama nimemaliza. Amenyoosha mkono ule mzima, anasubiri nichane karatasi