Pete za Jicho Langu

Jumanne usiku

Na bado naitazama hiyo picha. Ni jicho langu.

Kila asubuhi kabla wateja hawajafika hapa Gatitu kusomewa magonjwa kwa picha za macho, hujaribu kamera kwa jicho langu mwenyewe, halafu nafuta. Leo sikufuta. Mama Wambui akaja kutoka Tetu, nikapiga picha ya jicho lake, lakini kwa kompyuta nikamfungulia yangu. Nikamwonyesha zile pete nyembamba kwenye rangi ya jicho, tunazosema ni za neva zisizotulia.

"Lakini daktari, mimi nikigusa kitanda nimelala."

"Macho hayadanganyi," nikamwambia, nikamfungia majani ya kuchemsha.

Mimi hata si daktari. Huwa nawaacha tu waniite hivyo.

Jioni nikizima kompyuta ndio niliona kosa. Nikashika simu nimwambie, nikaiweka, nikaishika tena. Akiwaambia wenzake wa kanisa, nani atakuja tena? Na zile pete, kama kweli ni zangu...

Sasa yeye ndiye ameniandikia: "Daktari, uliona kweli. Tangu nirudi moyo unanienda mbio, na usingizi umekataa."