Mdogo Wetu Alikwenda Kukiri

Nyumbani,
Jumanne, tarehe 14

Mpendwa Dada,

Hakimu ameandika leo asubuhi kwamba mdogo wetu amekana shtaka. Mwenyewe alikwenda kukiri. Nimetanguliza hilo nikijua salamu zisingekutuliza. Sasa niambie, kifua kimepona? Huko baridi imepungua? Sisi tunajikongoja. Nyumba imekuwa kubwa mno bila ninyi wawili.

Ile simu ya wizi iliyokutwa kwenye meza yake ya ufundi, bado anasema aliletewa abadilishe kioo. Mwendesha mashtaka, mwenye mafaili hadi kidevuni, alimwonyesha njia: akikiri, atamwombea kifungo cha nje, alale kwao leo. Mahabusu wenzake wakamsukuma. "Fundi, ukweli utaula humu? Kiri utoke!"

Kwa kazi yangu ya habari nimewaona wengi. Asiye na dhamana hapimi ushahidi, anapima siku. Na huyu wetu unamjua, tangu utoto hubeba makosa ya wengine ili ugomvi uishe.

Karani aliposoma shtaka, akajibu, "Ni kweli." Hakimu, mama mwenye sauti ya chini, akamuuliza kama alijua simu imeibwa.

"Sikujua, Mheshimiwa. Ila naomba iwe kweli. Mama yangu anaumwa, nimemkumbuka."

"Kumkumbuka mama si kosa la jinai," Hakimu akasema. Watu wakacheka. Akaandika amekana, akamrudisha rumande.

Alipopitishwa mlangoni akiwa na pingu akaninong'oneza, "Kaka, nimeharibu?" Nikamwambia hapana.

Mama nilimweleza kitandani. "Mjinga wangu huyo," akasema, akageukia ukutani. Ungekuwapo, ungejua pa kumshika. Ukipiga simu, Mama huendelea kuiweka sikioni hata ukishakata.

Shangazi anakusalimu, na jirani fundi cherehani anauliza lini utakuja kuchukua gauni lako. Mungu akulinde kazini na njiani, akurudishe kwetu mzima.

Ombi la dhamana litasikilizwa Jumatatu, tarehe 20, saa tatu asubuhi. Wadhamini ni mimi na Shangazi. Mama anasema atakuja, hata kwa kubebwa.

Nduguyo anayekupenda na kukungoja,
Mzee wa Kalamu